LM35, TMP36 au thamista: kihisi kipi cha joto kwa bodi ipi?

Friji ya mama mmoja wa Majengo anayeuza samaki na juisi ya ukwaju ndiyo iliyonitoa ushamba. Alitaka simu ya mwanawe ipige kelele stima ikipotea, kabla samaki hawajaharibika. Nikamfungia kihisi cha LM35 kwenye ESP32, bodi ndogo yenye Wi-Fi. Mezani kwangu kilisoma digrii 29, joto la kawaida la mchana hapa Mombasa, nikaridhika. Kuingia ndani ya friji kikasoma 0. Saa nzima baadaye, bado 0. Nikamwambia, "Mama, friji yako yagandisha mno, ipunguze." Akafungua mlango, akatoa chupa ya ukwaju, akaitikisa mbele ya uso wangu. "Fundi, sifuri gani hii na ukwaju wacheza ngoma?"

Kihisi kilikuwa kizima na bodi ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu niliyevioza viwili visivyooana. Kwenye digrii 8 za friji ile, LM35 hutoa milivolti 80. Pini za ESP32 hazioni kitu chini ya milivolti 100 hivi. Chochote kilicho chini ya hapo huandikwa sifuri. Mezani, kwenye digrii 29, kihisi kilikuwa kikitoa milivolti 290 na bodi ikaona bila shida. Ndiyo maana sikushtuka mapema.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kihisi kipi ni kizuri, nami humuuliza bodi yake ni ipi na kitu anachopima ni baridi kiasi gani. Hapa nalinganisha vitatu ambavyo watu hukwama navyo: LM35, TMP36, na thamista ya kilo-omu 10. Vyote ni vya analojia, maana yake havitoi namba. LM35 na TMP36 hutoa volti inayopanda na kushuka pamoja na joto. Thamista hubadilisha ukinzani wake, nasi tunaugeuza kuwa volti kwa rezista moja. Bodi huipima volti hiyo, huifanya namba, kisha huipeleka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB. Vihisi vya dijitali kama DS18B20 nimeviacha kando kwa makusudi, vina mambo yao.

Nimelinganisha kwa vigezo gani

La kwanza ni volti: kihisi kinataka ngapi ili kifanye kazi, na kinachotoa kinaangukia mahali ambapo bodi huona vizuri? La pili, kinafika wapi kwa baridi na kwa joto. La tatu ni usahihi, na hapa watu huchanganya mambo mawili: kihisi chenyewe hukosea kwa kiasi gani, na bodi inaweza kutofautisha badiliko dogo kiasi gani. La nne ni waya, unyevu na chumvi, kwa sababu kwetu shaba isiyofunikwa haikawii kugeuka kijani, hasa upepo wa kusi ukianza kusukuma unyevu ndani ya nyumba. La tano ni hesabu ya kuandika kwenye programu. Bei sikuiweka maana hubadilika duka hadi duka, ila kwa kawaida thamista ndiyo ya bei ya chini kabisa.

Bodi kwanza, kwa ufupi

Arduino Uno huigawa volti 5 katika hatua 1024, kila hatua karibu milivolti 4.9. Ukiiambia itumie volti yake ya ndani ya kulinganishia, ambayo ni 1.1, kila hatua hushuka hadi milivolti 1.1 hivi, yaani huona vitu vidogo zaidi ya mara nne. Uno halisi ukiichomeka kwenye kompyuta hujitokeza kama COM3 au namba nyingine kwa Windows, na ttyACM0 kwa Linux. Zile za kuiga zenye chipu ya CH340 huja kama ttyUSB0, na kwenye kompyuta nyingine hudai programu yao ya kuzitambulisha.

ESP32 ina hatua 4096 na mwisho wake ni volti 3.3. Namba hizo huvutia, lakini kipimo chake kimepinda huku na huku: chini haioni, na karibu na kileleni husoma vibaya. Tena ukiwasha Wi-Fi, nusu ya pini zake za analojia hazifanyi kazi. Baki kwenye pini namba 32 hadi 39.

Raspberry Pi haina pini hata moja ya analojia. Wengi hugundua hilo wakiwa tayari wamenunua kihisi. Utahitaji chipu ya kati, kwa mfano MCP3008 yenye njia 8 na hatua 1024, au ADS1115 yenye njia 4 na hatua ndogo zaidi. Na pini zake hazivumilii volti 5.

LM35

*Volti na bodi.* Kinataka volti 4 au zaidi, hadi 30. Kwa Uno hakuna tatizo. Kwa ESP32 na Raspberry Pi, volti 3.3 hazikitoshi, itabidi ukilishe kwa pini ya volti 5. Hata ukikilisha, tatizo la ukwaju liko pale pale kwa ESP32, kwa sababu sifuri ya LM35 ni volti sifuri.

*Baridi na joto.* Kile cha kawaida madukani, LM35DZ, kimetengenezwa kwa digrii 0 hadi 100. Ukikifunga kwa njia ya kawaida, bila volti hasi, kwenye digrii 2 hivi kwenda chini hakina tena nafasi ya kushuka. Kuna ujanja wa kuweka diodi mbili kwenye mguu wa GND (upande hasi wa umeme) na rezista ya kilo-omu 18 kwenye mguu wa kutoa, ukasoma pini mbili na kutoa moja kwa nyingine. Ujanja huo unafanya kazi, lakini ukishafika huko umepoteza urahisi uliokufanya ukichague.

*Usahihi.* Kiwandani, LM35DZ huahidiwa kutokosea zaidi ya digrii 1.5 kwenye digrii 25, na 2 kwenye ncha zake. Kwa kawaida hukosea chini ya hapo. Kinachoharibu ni Uno yenyewe ikilinganisha na volti 5: kila hatua ni nusu digrii, na hizo volti 5 zatoka USB, ambayo si 5 kila siku. USB ikishuka hadi 4.7, digrii 30 za kweli zitaonekana karibu 32. Dawa ni volti ya ndani ya 1.1, ambayo kwa LM35 huchukua hadi digrii 110, zaidi ya unachohitaji. Ila hiyo 1.1 nayo si kamili. Kati ya Uno moja na nyingine yaweza kuwa 1.0 au 1.2. Haibadiliki ovyo, kwa hivyo ipime kwa mita kwenye pini ya AREF, ile ya volti ya kulinganishia, mara moja, uiandike kwenye programu, umalize.

*Waya, unyevu, chumvi.* Hapa ndipo LM35 hulalamika. Hakipendi kubebeshwa waya mrefu. Mita moja tu ya waya wa kawaida yaweza kukifanya kitetemeke na namba ziruke. Weka rezista ya kilo-omu 2 karibu kabisa na mguu wake wa kutoa, utulivu hurudi.

*Hesabu.* Volti mara 100, basi. Mtoto wa darasa la sita ataimaliza.

*Kinamfaa nani.* Anayeanza, mwenye Uno, anayepima joto la chumba, maji ya kuoga, incubeta ya mayai au kifaa kinachopata moto. Kwa vifaranga, ambavyo hutaka mayai yakae karibu na digrii 37.5, LM35 kwenye volti ya 1.1 ni raha tupu, mradi ukipime kwanza kama nitakavyoeleza chini.

TMP36

Kwa macho ni pacha wa LM35. Umbo moja la plastiki nyeusi, miguu mitatu, na hata mpangilio wa miguu ni mmoja: ukishika upande bapa ukuelekee na miguu chini, kushoto ni volti, kati ni kutoa, kulia ni GND. Soma maandishi kwa tochi ya simu kabla ya kukifunga, kwa sababu na transista nyingi zina umbo hilo hilo. Na ukigeuza miguu ya volti na GND, vyote viwili huwaka moto kiasi cha kukubabua kidole. Chomoa haraka, wakati mwingine hupona.

*Volti na bodi.* Volti 2.7 hadi 5.5, kwa hiyo hukaa na bodi zote tatu. Siri yake ni kwamba kwenye digrii 0 hakitoi sifuri, hutoa milivolti 500. Kwa friji ya yule mama, digrii 8 zingekuwa milivolti 580, na ESP32 ingeziona kama mchana. Ndicho nilichomwekea mwishowe.

*Baridi na joto.* Hasi 40 hadi 125. Friza ya hasi 18 hutoa milivolti 320, bila diodi wala ujanja.

*Usahihi.* Hapa ndipo unapolipia. Kwa kawaida hukosea digrii 1 kwenye 25, na 2 ukisogea kwenye ncha. Chako chaweza kuwa kibaya zaidi ya jirani yake kwenye pakiti moja. Kwa Uno ya volti 5 hatua ni ile ile nusu digrii. Ukitumia volti ya ndani ya 1.1 unapata hatua ndogo, lakini kileleni ni digrii 60 tu, usikipeleke kwenye sufuria.

*Waya, unyevu, chumvi.* Huvumilia waya mrefu kuliko LM35. Kiwekee kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa volti na wa GND, karibu na mwili wake. Watu huiacha wakiona ni urembo, halafu kompresa ya friji ikiwaka wanaona joto limeruka digrii 3.

*Hesabu.* Toa 0.5 kwenye volti, zidisha kwa 100.

*Kinamfaa nani.* Mwenye ESP32 au Raspberry Pi, na yeyote anayepima baridi bila kutaka hesabu za logi.

Thamista ya kilo-omu 10

Hii haitoi volti, ni rezista inayobadilika. Kwenye digrii 25 ni kilo-omu 10. Kwenye 4, ikiwa ni ya namba B 3950 (namba inayoonyesha ukinzani hubadilika kwa kasi gani na joto), hupanda hadi 27 hivi. Kwenye hasi 18 hupita 90. Unaifunga na rezista ya kawaida ya kilo-omu 10 moja baada ya nyingine, rezista upande wa volti, thamista upande wa GND, na pini ya bodi husoma pale katikati.

*Volti na bodi.* Yoyote uliyo nayo. Na hapa ina jambo ambalo wale wawili hawana: Uno hulinganisha kwa volti zile zile zinazoilisha thamista, kwa hivyo USB ikishuka, vyote hushuka pamoja na jibu halibadiliki. Kwa mtu ambaye kompyuta yake yachajiwa na betri ya sola mchana na stima usiku, hilo si dogo. Kwa ESP32 faida hiyo haipo, maana hulinganisha na volti yake ya ndani, na usiilishe zaidi ya 3.3.

*Baridi na joto.* Zile zilizofungwa kwenye kioo au chuma huenda kutoka hasi 40 hadi zaidi ya 100. Angalia na waya wake pia. Mpira wa bei rahisi huyeyuka kabla ya thamista.

*Usahihi.* Wengi huidharau kwa sababu ni ya bei ya chini, nami nilikuwa miongoni mwao. Kwenye digrii 4, Uno ya volti 5 bila kubadilisha chochote hupata hatua 10 kwa kila digrii, ambapo LM35 hupata 2. Hata kwenye hasi 18 bado ni hatua 5. Lakini rezista mwenzake lazima iwe nzuri. Yenye mstari wa dhahabu hukosea asilimia 5, na hiyo peke yake ni karibu digrii nzima. Tafuta yenye mstari wa kahawia mwishoni, ya asilimia 1. Pia umeme unaopita ndani yake huipasha moto kidogo. Kwenye hewa tulivu yaweza kujiongezea robo digrii au zaidi. Ukitaka kulikwepa hilo, ilishe kwa pini ya kawaida ya bodi, iwashe, soma, izime.

*Waya, unyevu, chumvi.* Waya mrefu hauisumbui sana. Unyevu ndio adui. Ikiwa kwenye friza na ukinzani wake umepanda hadi kilo-omu 90, tone la maji yenye chumvi kati ya miguu huanza kupitisha umeme pembeni, na kompyuta huonyesha joto zaidi ya lililopo. Njia ya pembeni ya mega-omu 1 tu yatosha kukudanganya digrii moja na nusu. Iliyo wazi, isiyofunikwa, usiipeleke soko la Kongowea wala ufuoni.

*Hesabu.* Ndiyo ndefu. Kwa Uno, chukua namba iliyosomwa, zidisha kwa 10,000, gawa kwa (1023 toa namba hiyo). Huo ni ukinzani. Ugawe kwa 10,000, tafuta logi asilia, gawa kwa 3950, ongeza (1 gawa kwa 298.15). Geuza jibu (1 gawa kwa hilo), kisha toa 273.15. Unaandika mara moja, hurudii tena. Kosa la kawaida ni kuandika 3950 kwa thamista ambayo kwa kweli ni ya 3435. Mezani itaonekana sawa, kwenye baridi itakuhadaa.

*Kinamfaa nani.* Asiyeogopa hesabu, anayetaka vipimo vingi kwa fedha kidogo, au anayepima baridi kwa Uno.

Kufunika na kupima, kwa vyote vitatu

Bredibodi, ule ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu, ni ya mezani. Kifaa kitakachobaki mahali, lehemu waya, vuta mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, kisha ziba ncha kwa epoksi. Ukitumia silikoni, epuka ile inayonuka siki. Asidi yake hula shaba polepole, na utakuta waya umekatika ndani ya mpira mzima.

Kupima kwenye sifuri, ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo tu, koroga, subiri dakika kadhaa. Barafu iwe ya maji matamu. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na barafu ya maji hayo huyeyuka chini ya 0. Thamista na TMP36 zitasoma hapo vizuri. LM35 haitafaa kwenye sifuri. Kilinganishe na kipimajoto cha homa kwenye maji ya uvuguvugu, digrii 37 hadi 40. Kwa upande wa juu sisi wa Mombasa tumejaliwa: tuko usawa wa bahari, maji yakichemka ni digrii 100. Mwenzako wa Nairobi akifanya hivyo atapata 94 hivi, akaanza kulaumu kihisi.

Kwenye programu, usiamini usomaji mmoja. Chukua 20 au zaidi zilizotawanywa ndani ya milisekunde 20, ambayo ni duru moja kamili ya stima yetu ya hezi 50, kisha tafuta wastani. Mngurumo mwingi hufutika hapo. Na kama unaunganisha volti ya nje kwenye AREF ya Uno, taja hilo kwenye programu kabla ya kusoma pini yoyote, la sivyo waweza kuichoma.

Kwa hali yako

Una Uno na unataka joto la chumba, incubeta au maji ya moto: LM35 na volti ya ndani ya 1.1. Utamaliza jioni moja.

Una Uno na unapima friji au friza: thamista iliyofunikwa vyema na rezista ya asilimia 1. Kama hesabu zakukera, TMP36 kwa volti ya 1.1.

Una ESP32 na unataka habari zije kwenye simu: TMP36, kwenye pini kati ya 32 na 39. Thamista pia hufanya kazi, lakini utalazimika kuisahihisha kwenye nukta mbili tatu kwa sababu ya kipimo kilichopinda.

Una Raspberry Pi: ongeza MCP3008 kwanza, kisha TMP36 au thamista, zote kwa volti 3.3. Kama bado hujanunua chochote na unataka kihisi kimoja tu, hapo naona cha dijitali kitakupunguzia kazi, ingawa madukani za kuiga ni nyingi.

Unahifadhi chanjo au dawa, zinazotakiwa kukaa kati ya 2 na 8: yoyote kati ya hivi iwe ya kukupa tahadhari tu, kando ya kipimajoto kilichoidhinishwa kwa kazi hiyo. Kosa la digrii 2 kwenye nafasi ya digrii 6 ni kubwa mno.

Na kama unahitaji vihisi vinane kwenye masanduku ya samaki kuanzia alfajiri mashua zikishusha, nunua thamista kumi za pakiti moja, uzitumbukize zote kwenye kikombe kimoja cha barafu, uandike kila moja ilikosea kwa ngapi kwenye kipande cha plasta, uibandike kwenye waya wake. Mbili zitakuwa zimeharibika ndani ya mwaka, na ndiyo maana zilikuwa kumi.